Obwato Namba Saba

Ildefons Kyaruzi alifika Bukoba siku ya Ijumaa, saa nane mchana, na alipoingia ukumbini kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa namba saba. Namba sita aliiona: samaki wa vyuma chakavu, kazi ya Rutaihwa, mchomeleaji wa Maruku. Namba nane aliiona pia: kichwa cha mwanamke, cha saruji, macho yamefumbwa. Katikati palikuwa na sakafu tupu ya mita mbili na nusu. Vigoda viwili vya mbao alivyovichonga mwenyewe vilikuwa vimepangwa mahali pake, na kati yake taa iliyoelekezwa juu ilikuwa inawaka, ikimulika dari. Ukutani palibandikwa karatasi: "7. I. Kyaruzi, Kamachumu. Obwato. Mti wa mhumula."

Alizunguka ukumbi mara mbili, kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga kelele kabla ya kuhakikisha. Kisha akamtafuta Annastella Mushumbusi, mwalimu wa sanaa wa sekondari na katibu wa maonyesho, akamkuta mezani akikata riboni.

"Namba saba iko wapi?"

"Nilitaka nikuulize wewe, Ta Ildefons," alisema Annastella bila kuinua macho. "Vigoda vimekuja na Fuso la mizigo la Manish tangu juzi. Obwato yenyewe nimeambiwa haijafika."

"Vilipakiwa pamoja. Nilivifunga kwa mkono wangu."

Annastella akaweka mkasi chini.

Obwato ni gogo lililochimbwa ndani, hori refu la kukanyagia ndizi mbivu ili zitoe maji ya kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi. Kila mtu wa Kagera anajua hivyo, na jambo hilo ndilo lililomfanya Ildefons alichague. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akiishi kwa patasi na tezo: milango, viti vya maparoko, misalaba ya makaburi, majeneza yenye mchongo kwa wanaoweza. Kwa miaka kumi na moja kati ya hiyo alikuwa pia akifuatilia sanamu za kisasa, kwa jinsi wengine wanavyofuatilia mpira. Alikwenda kwenye kila onyesho aliloweza kulifikia, Bukoba, Mwanza, mara mbili Kampala, na kila mara alirudi na daftari limejaa: jina la kazi, aina gani ya mti au chuma gani, vipimo, umbali kati ya kazi na kazi, mwanga unatoka wapi, watu wanasimama mbele yake dakika ngapi. Maoni aliyaandika kwa mstari mmoja. Kuhusu samaki wa Rutaihwa, alipomwona kwa mara ya kwanza, aliandika: "Kachomelewa vizuri. Hasemi kitu."

Obwato hii ilikuwa ya baba yake. Urefu mita mbili na sentimita kumi na nne, unene wa sakafu sentimita nne. Ildefons hakuichonga umbo lolote jipya. Alichofanya ni kuchukua sehemu moja ya sakafu, katikati, yenye ukubwa wa viganja vitatu, na kuipunguza kidogo kidogo kutoka chini, kwa bobari, ile patasi iliyopinda, kisha kwa kipande cha chupa, kisha kwa msasa, mpaka ukabaki unene wa milimita mbili. Ilimchukua miezi kumi na minne. Ukiiona kwa juu, obwato ilikuwa obwato. Ukiweka taa chini yake, ile sehemu iliwaka nyekundu kama sikio la mtu aliyesimama mbele ya jua. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Annastella alipoisajili mwezi uliopita alimsihi kwa simu. "Andika basi hata 'sanamu'. Au 'Mwanga wa Mababu', kitu kama hicho."

"Mwanga wa Mababu ni jina la kwaya," alijibu Ildefons. "Kitu chenyewe ni obwato. Kiitwe obwato."

Na siku ya Jumatano, alipokuwa hawezi kusafiri kwa sababu ya jeneza la watu wa Buganguzi lililotakiwa kesho yake asubuhi, aliifunga kazi yake kwa majani makavu ya mgomba, tabaka sita, kwa kuwa hakuna kitu laini kuliko hayo wala rahisi zaidi, akaifunga kwa kamba za mgomba, akaning'iniza kibao kidogo: OBWATO. KUTOKA KAMACHUMU, MULEBA. Dereva wa Manish akaondoka nayo.

Sasa Annastella alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuipenda.

"Ta Ildefons," alisema polepole, "kamati ya chakula nao walikuwa wanasubiri obwato kutoka Muleba. Ya rubisi ya kesho."

 Walitoka kwa mlango wa nyuma.

Uani, chini ya turubai, wanawake watano walikuwa wakimenya ndizi za kesho. Mbele yao obwato ilikaa juu ya matofali manne, imefunikwa majani mabichi ya mgomba, na harufu ya mtama wa kukaanga na ndizi zilizoanza kuchachuka ilikuwa imejaa ua mzima. Ildefons aliitambua kabla ya kufika. Kwenye ukingo wa kushoto palikuwa na kovu la shoka, la mwaka 1988.

"Karibu, Ta," alisema mama mnene aliyekaa kwenye kigoda kirefu kuliko vya wengine. Huyo alikuwa Ma Gaudiosa, kiongozi wa kamati ya chakula. "Umeletwa na harufu?"

"Mmekanyagia humu?"

"Jana asubuhi. Avit huyu na mwenzake." Alimwonyesha kwa kisu mwanamume wa makamo, suruali imekunjwa mpaka magotini, aliyekuwa akipasua kuni. "Obwato safi sana, hata harufu ya zamani haina. Ni yako? Nani alikuchimbia?"

"Baba yangu."

"Alijua kazi. Ila umeiacha ikaliwa na wadudu, Ta. Nikuambie ukweli?"



"Chini pale katikati pameoza kabisa," alisema Avit, akija na shoka mkononi, uso wake ukiwa wa mtu anayeleta habari njema. "Nimekanyaga mara ya pili, mara ya tatu, mguu ukapita! Nikajikuta nimesimama ardhini ndani ya obwato. Hawa akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu."

"Alikuwa kama kuku kwenye tenga," alisema mmoja wao, na wote wakaanza tena.

"Lakini hatukukuharibia," Avit aliendelea haraka, kwa kuwa mwenye mali alikuwa hacheki. "Tumeziba. Bati la debe, kwa chini. Upande mnene nimepiga misumari kumi na mmoja, ya viatu, ile midogo. Upande wa pili mti ulikuwa mwembamba kama karatasi, haushiki msumari, nikabandika kwa nta na majivu. Haivuji hata tone. Piga magoti uone."

Ildefons alipiga magoti. Alipitisha mkono chini, akagusa bati. Alilipima kwa vidole. Lilifunika theluthi mbili za sehemu yake, labda zaidi kidogo. Theluthi moja iliyobaki ilikuwa imelowa, lakini haikupasuka. Nta ilikuwa imekandamizwa vizuri, bila mapengo. Kama fundi, hakuwa na la kulaumu.

"Hii ni kazi ya maonyesho," alisema alipoinuka. "Namba saba. Ilitakiwa iwe ndani."

Ma Gaudiosa alimtazama, akaitazama obwato, akamtazama tena kuona kama anatania. "Ndani ya ukumbi? Kufanya nini?"

"Kutazamwa."

"Obwato?"

Annastella aliingilia kati. Alieleza habari za sanamu, za kitu cha kawaida kinachowekwa mahali pasipo pa kawaida, kwa maneno anayoyatumia darasani kwa kidato cha tatu. Ma Gaudiosa alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Pole sana, Ta," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Kweli pole. Kibao kilisema obwato. Kingesema kitu kingine tusingeigusa."

"Najua kibao kilisema nini."

"Sasa tufanyeje?"

Swali lilikuwa zuri, na Ildefons alilichukua kama lilivyo. Ndani mlikuwa na kiasi cha lita mia na themanini. Kesho saa tatu asubuhi angefika Mital, mteuzi kutoka Dar es Salaam, na angeondoka na ndege ya mchana. Mital angechagua mchongaji mmoja wa Kagera, mmoja tu, kwenda kufanya kazi miezi sita katika karakana ya Dar na kuonyesha pale mwishoni. Ildefons alikuwa amesoma kila alichokiandika mtu huyu. Alikuwa amesafiri kwa saa kumi na moja kwenda Kampala kuona kazi alizozichagua. Mteuzi huyo aliwahi kuandika kwamba anatafuta kitu kisichoomba kutazamwa. Obwato ilichongwa kwa ajili ya macho hayo mawili. Na Ildefons, mwenye miaka arobaini na tisa, alijua kwamba tangazo la nafasi hiyo lilitaka walio chini ya miaka hamsini.

"Tuhamishie kwenye madumu," alisema. "Leo."

Wanawake wakaguna kwa pamoja.

"Rubisi haihamishwi kabla ya kuonjwa," alisema Ma Gaudiosa. "Inakatika, haichachuki tena. Utawapa watu maji ya ndizi yenye usingizi? Na ya kuonjwa ni kesho, na mgeni rasmi, yumo kwenye ratiba. Annastella, si wewe uliyeandika?"

Annastella alifungua ratiba ingawa aliijua. Namba nne: mgeni rasmi kuonja rubisi na kufungua maonyesho. Saa nne kamili.

"Aonje mwingine. Nionje mimi."

"Wewe ni nani?" aliuliza Ma Gaudiosa, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa. "Barua imeshakwenda, Ta. Mkubwa ameambiwa ataonja yeye. Tukimpa iliyokwisha kuonjwa na fundi wa Kamachumu, mwakani ukumbi huu hatuuoni. Lakini nakuahidi kitu kimoja. Akishaweka mdomo, hapohapo, obwato ni yako. Watoe kwa ndoo, kwa kofia, kwa viatu. Dakika kumi haina kitu."

Ildefons akapiga hesabu. Saa nne kuonja, saa nne na dakika kumi kumwaga, saa nne na nusu kuisuuza, kuibeba ndani na kung'oa bati. Mital alitakiwa uwanja wa ndege saa sita kasoro robo. Palikuwa na zaidi ya saa nzima ya ziada. Kwa theluthi moja ya mwanga.

"Sawa," alisema, kwa kuwa hesabu ilikuwa sawa.

*

Mital alifika Jumamosi saa tatu na dakika tano. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele zimekatwa chini, viatu vya kutembelea milimani. Kumbe alizaliwa hapahapa Bukoba. Bibi yake, Induben, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na familia ilihamia Dar yeye akiwa na miaka tisa. Ildefons, aliyejua mengi juu yake, hilo hakulijua. Halikuandikwa popote.

Alizunguka ukumbi polepole. Mbele ya samaki wa Rutaihwa alisimama dakika nne. Mbele ya kichwa cha saruji, mbili. Alipofika namba saba alisoma karatasi, akatazama vigoda, akatazama mwanga kwenye dari.

"Hii ndiyo kazi?" aliuliza. "Mwanga tu?"

Kwa sekunde moja ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ildefons aliiona nafasi hiyo wazi, akaona pia kwamba isingekuwa kweli.

"Hapana," alisema. "Kazi iko uani. Ina rubisi ndani."

Alimweleza kwa ufupi, kwa mpangilio: mti, vipimo, milimita mbili, kibao, Avit, bati. Mital hakucheka. Alipofika uani tu, uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna Ildefons aliyoitarajia.

"Jamani," alisema. "Harufu hii. Mama mmoja alikuwa akituletea kwenye kibuyu kila Jumamosi, dukani kwa bibi. Bibi hanywi, lakini anapokea, anawapa wapagazi. Nilikuwa nalamba mdomo wa kibuyu." Akapiga picha: Ma Gaudiosa, majani ya mgomba, Avit aliyejipanga mwenyewe mbele ya obwato kifua mbele. "Na obwato ya kweli! Sijaiona miaka thelathini."

"Ndiyo yenyewe," alisema Ildefons. "Namba saba."

"Ndiyo, ndiyo, umeniambia." Aliinama, akatazama ukingo, akapapasa kovu la shoka. "Naiona ni obwato nzuri sana. Lakini ulichofanya wewe sikioni."

"Kiko chini ya rubisi."

"Una picha?"

Alikuwa nayo kwenye simu, moja, nzuri. Aliitoa mfukoni, kisha akabaki ameishika bila kuiwasha. "Uliandika kwamba huteui kwa picha."

"Niliandika," alisema Mital, na kidogo akaona haya. "Nimewahi kudanganywa. Siwezi kuwakatalia wengine kumi halafu nikukubalie wewe."

"Ni sahihi," alisema Ildefons. Miaka mitatu iliyopita aliinakili sentensi hiyo daftarini na kuandika pembeni: "Nakubaliana."

"Saa nne si mbali. Nitasubiri."

Alisubiri. Hilo Ildefons alilikumbuka baadaye kama jambo la haki. Aliletewa chai na senene, akala, akaongea na Ma Gaudiosa habari za maduka ya zamani. Saa nne ikafika. Saa nne na nusu Annastella akapiga simu, akaambiwa mkubwa ametoka. Saa tano akaambiwa ametoka kweli. Saa tano na dakika ishirini Ildefons alimwendea Ma Gaudiosa mara ya pili.

"Ma, nakuomba."

"Usiniombe mimi, Ta. Mimi hapa ni mlinzi wa kifuniko tu." Alikuwa na huzuni ya kweli. "Nikifungua, hawa wote wameniona. Tazama."

Alitazama. Watu sitini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na wote, wasanii kwa wageni, walikuwa wamegeuzia macho yao obwato. Hakuna kazi nyingine katika onyesho lile iliyotazamwa kwa muda mrefu hivyo. Kama ingekuwa siku nyingine angeandika dakika.

Ndege ilipita juu ya paa, chini kabisa, ikielekea kutua kando ya ziwa. Mital alitazama saa, akainuka.

"Bwana Kyaruzi. Mwakani?"

"Mwakani nitakuwa na miaka hamsini."

Mital akakumbuka tangazo lake mwenyewe. Alimshika mkono kwa mikono miwili. Kisha akaingia ukumbini, akaongea na Annastella dakika tatu, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Rutaihwa. Rutaihwa alisikiliza, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Mgeni rasmi alifika saa saba na dakika kumi. Aliomba radhi kwa ajili ya barabara. Alipewa kibuyu, akaonja, akanyamaza ili watu wangoje, akasema, "Imekaa." Makofi yakapigwa, na Ma Gaudiosa akavuta majani yote kwa mara moja.

Aliyoahidi aliyatimiza. Ndoo zilikuja, zikazama, zikatoka. Baada ya dakika kumi na mbili obwato ilibaki na vidole viwili vya rubisi sakafuni, ile nzito ambayo wazee huisubiri.

"Ta Ildefons," Ma Gaudiosa alisema akifuta mikono, "nilitaka nikuulize, kama hutaki sema hutaki. Mpwa wangu anaolewa Maruku, Jumamosi ijayo. Obwato kama hii hatuna."

"Tutaona," alisema Ildefons.

"Sasa hivi anatafuta pa kulilia, na wewe unamwomba chombo," alinong'ona mwenzake.

"Nimemwambia akitaka aseme hataki."

Kumimina kilichobaki kulihitaji watu wawili, mmoja kila upande. Avit alishika upande mmoja na hakuna aliyekuja upande wa pili, kwa kuwa wote walikuwa na vikombe mikononi. Ildefons akashika. Wakainua, wakalaza kwa ubavu kuelekea ndoo, na sakafu ya obwato ikaelekea jua.

Ikawaka. Si yote. Bati lilikuwa jeusi, na kandokando yake nta ilikuwa kama tope. Lakini kipande kilichobaki, kikubwa kama kiganja cha mtoto, kilikuwa chekundu, na mishipa ya mti ilionekana ndani yake mmoja mmoja, na rubisi ikateleza juu yake ikaufanya wekundu ule utembee. Kilikuwa bora kuliko kwenye karakana yake. Hakuwahi kukiona kikiwa kimelowa.

"Avit," alisema. "Tazama pale."

Avit alinyoosha shingo, akatazama kwa makini, kama mtu anayeheshimu mali ya mwenzake.

"Naona. Pembamba sana pale, patatoboka tena. Nikupigie bati lingine?"

Rubisi ilikuwa bado inatiririka. Wazee watatu walikuwa wameshasogea na vikombe.

"Shika tu," alisema Ildefons. "Inua kidogo upande wako."